Kugeuza Traki za MIDI Kuwa Sauti: Mwongozo Kamili kwa Anayerekodi kwenye Kompyuta

Fungua projekti yako kwenye kompyuta nyingine isiyo na plagini ulizotumia (programu ndogo za ala na efekti), kisha bonyeza kitufe cha kucheza. Noti za piano utaziona zimejipanga kwenye skrini, besi ipo, ngoma zipo, lakini hakuna kinachosikika. Hakuna kilichoharibika. MIDI haikuwahi kuwa na sauti ndani yake.

Mfumo huu ulitoka mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana, na kinachopita ndani yake ni maagizo tu: bonyeza noti fulani, kwa nguvu fulani isiyozidi 127, iachie, kanyaga pedali, pinda sauti kidogo. Maagizo hayo husafiri katika chaneli 16. Sauti yenyewe hutengenezwa na ala inayoyapokea, iwe ni plagini au kinanda halisi kilicho nje ya kompyuta. Ndiyo maana faili la MIDI la wimbo wa dakika nne huwa na ukubwa wa kilobaiti tu, ilhali sauti ya stirio ya biti 24 kwa kasi ya sampuli ya 44,100 kwa sekunde hula karibu megabaiti 16 kila dakika.

Kugeuza MIDI kuwa sauti, basi, ni kuiagiza ala icheze noti zake zote huku programu ya kurekodia ikiandika kinachotoka. Kitufe cha kufanya hivyo kipo katika kila programu na ni rahisi kukipata. Kinachowatatiza wengi ni kutojua sauti yao imechotwa sehemu gani ya njia inayopita, na hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Geuza lini, subiri lini

Sababu ya kwanza ya kugeuza ni uzito. Ala moja yenye sampuli nyingi, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa, inaweza kujaza kumbukumbu ya kompyuta, na zikikusanyika kadhaa sauti huanza kukatakata. Traki ya sauti haina hesabu hizo. Kompyuta inasoma faili tu. Sababu ya pili ni kumkabidhi mtu mwingine kazi. Anayekumiksia halazimiki kuwa na plagini zako, na hata akiwa nazo, toleo lake laweza kutoa sauti tofauti kidogo na yako.

Ya tatu ni uhai wa wimbo. Plagini huachwa na watengenezaji, leseni hufa, mifumo mipya ya uendeshaji hukataa programu za zamani. Muundo wa WAV ulitoka mwaka 1991 na bado unafunguka karibu kila mahali. Kazi unayoipenda haistahili kutegemea plagini moja iendelee kuwepo. Na ya nne, ambayo kwangu ndiyo tamu zaidi, ni uhuru wa kuchezea sauti: ikishakuwa wimbi unaweza kuikatakata, kuicheza kinyumenyume, kuivuta mpaka ipoteze umbo lake, au kuirundika juu yake yenyewe.

Lakini usikimbilie. Ufunguo wa wimbo na tempo vikiwa bado havijatulia, acha MIDI ibaki MIDI. Mwimbaji akisema ufunguo uko juu mno, noti za MIDI unazishusha kwa kubonyeza mara moja na piano inabaki piano. Sauti iliyokwisha kurekodiwa ukiishusha nusu toni tatu, inaacha alama: ngoma zinalegea, nyuzi zinapata ukungu. Mambo hayo mawili yakishakubaliwa, geuza bila woga.

Sauti inachotwa wapi?

Fuata noti moja katika safari yake. Inatoka kwenye klipu, inapita kwenye efekti za MIDI kama apejieta (inayocheza noti za kodi mojamoja) ikiwa umeziweka, inaingia kwenye ala. Hapo ndipo sauti inazaliwa. Kisha inapita kwenye efekti za traki, yaani ekwalaiza, kompresa na zinginezo. Halafu inafika kwenye feda, yaani kitelezi cha kiwango, na kitufe cha kushoto na kulia. Baada ya hapo sehemu yake hutumwa kwenye riverbu au dilei (mwangwi) ya pamoja, na hiyo ndiyo sendi, yote inaingia kwenye kundi lake, na mwisho inafika masta, njia ya kutokea ya wimbo mzima, ambako pengine kuna limita inayosubiri kuzuia viwango visizidi.

Programu inaweza kuchota sauti karibu popote katika njia hiyo, na kila mahali panakupa faili tofauti.

Ukichota mara tu baada ya ala, unapata sauti mbichi. Efekti zako zinabaki hai kwenye traki na unaweza kuzibadili kesho. Hili ndilo chaguo ninalolipendekeza kwa traki yoyote ambayo bado itamiksiwa.

Ukichota baada ya efekti lakini kabla ya feda, efekti zimeshika moja kwa moja. Hilo ni sawa pale ambapo efekti ni sehemu ya sauti yenyewe. Besi ya sinthi (ala ya kielektroniki) uliyoipitisha kwenye distosheni mpaka ikanguruma haina maana bila distosheni hiyo. Ichote pamoja nayo. Riverbu ndefu ya ukumbi, kwa upande mwingine, mara nyingi ni uamuzi wa miksi, na anayemiksi atashukuru ukimwachia. Ukisita, toa mafaili mawili, bichi na lenye efekti. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko kurudia kazi.

Ukichota baada ya feda, sendi na masta, unapata traki kama inavyosikika ndani ya wimbo mzima. Hapa pana mtego. Tuseme feda ya piano iko desibeli 6 chini ya sifuri, umechota baada ya feda, kisha sauti mpya ukaiweka kwenye traki iliyorithi feda ileile. Piano sasa iko desibeli 12 chini. Efekti nazo hujirudia vivyo hivyo: kompresa juu ya kompresa, riverbu juu ya riverbu. Na limita ya masta haifanyi kazi ileile kwa traki moja kama inavyofanya kwa wimbo mzima, kwa hiyo traki zilizochotwa kupitia masta, ukizijumlisha tena, hazirudishi miksi uliyoijua. Zima efekti za masta kabla ya kutoa traki mojamoja. Hili silionei njia ya katikati.

Kabla ya kubonyeza chochote, basi, jibu: nataka sauti mbichi, yenye efekti, au kama ilivyo kwenye miksi? Ukiwa na jibu, kila menyu utakayokutana nayo itaeleweka.

Maandalizi

Hifadhi projekti kwa jina jipya kwanza. Baadhi ya amri za kugeuza hufuta noti za MIDI moja kwa moja, na nakala ya kabla ndiyo inayokuokoa.

Kisha safisha noti. Tafuta noti mbili zilizolaliana mahali pamoja. Huleta sauti nene isiyo ya kawaida, kama inayopita kwenye bomba. Angalia pedali ya kudumisha, ambayo ni kidhibiti namba 64: ikiwa ilikanyagwa na haikuachiwa, noti zitaning'inia hadi mwisho wa faili. Angalia pia mwanzo kabisa wa wimbo. Noti iliyoketi kwenye nukta ya sifuri inaweza kumezwa sehemu ya mlio wake wa kwanza, hasa pale ambapo agizo la kubadili ala au kidhibiti linafika sekunde ileile. Sogeza wimbo mzima mbele kwa ba (hatua ya muziki) moja au mbili, tatizo linaisha.

Linganisha mipangilio ya faili na ya projekti. Projekti ikiwa kwenye kasi ya sampuli ya 48,000, toa 48,000. Kasi hiyo ndiyo ya kawaida kwa video, na 44,100 ni ya tangu enzi za CD. Kina cha biti kiwe 24, au 32 ya desimali inayoelea ikiwa programu inaruhusu. Biti 16 zina upana wa takriban desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu. Biti 24 zinafika takriban 144, kwa hiyo huna haja ya kusukuma kiwango kifike juu. Kilele cha desibeli 6 hadi 10 chini ya sifuri kinatosha kabisa. Usitumie MP3 kwa kazi hii. Muundo huo hutupa sehemu ya sauti, na tena huongeza ukimya mdogo mwanzoni unaoweza kuihamisha traki isikae mahali pake.

Zima kusawazisha viwango, kunakoitwa "Normalize" kwenye menyu nyingi. Kukiwashwa, kila traki inapandishwa mpaka kilele chake kifike juu kabisa, na uwiano kati ya piano ya chinichini na ngoma ya mbele unapotea.

Amua mono au stirio kwa kila traki. Besi na kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwa kawaida ni mono na faili linakuwa nusu ya ukubwa. Usidhani tu, hata hivyo: sinthi nyingi za besi zina mtawanyiko wa kushoto na kulia ndani yake, na ukizikunja kuwa mono sehemu ya sauti inaweza kufutana. Sikiliza kwa mono kabla ya kuamua.

Kugandisha, njia ya haraka

Ikiwa shida yako ni kompyuta kuelemewa tu, hujahitaji kugeuza kabisa. Gandisha. Programu inaandika faili la muda, inazima ala, na ukitaka kurekebisha noti unayeyusha na kuendelea.

Katika Logic Pro ni alama ya theluji kwenye kichwa cha traki. Faili huandikwa unapobonyeza kucheza, na unaweza kuchagua kugandisha ala peke yake au pamoja na efekti. Ableton Live inayo kwenye menyu ya kubofya kulia jina la traki, "Freeze Track". Katika Reaper, bofya kulia traki uingie "Render/freeze tracks". Pro Tools nayo ina amri hiyo kwenye menyu ya traki. Faili la kugandisha ni la projekti hiyo tu. Usimtumie mtu.

Kurenda papo hapo

Hii ndiyo njia ya kila siku ya kurenda, yaani kuandika sauti kwenye faili: klipu ya MIDI inaingia, klipu ya sauti inatoka mahali palepale kwenye wimbo.

Logic Pro huiita "Bounce in Place", vitufe ni Control na B. Dirisha lake ni la maana, lisome. "Bypass Effect Plug-ins" hukupa sauti mbichi. Usipoiweka tiki unapata yenye efekti. Chagua pia traki ya asili inyamazishwe badala ya kufutwa, na uweke tiki kwenye chaguo la kuongeza mkia, yaani sauti inayoendelea kufifia baada ya noti.

Cubase ina "Render in Place" kwenye menyu ya Edit, na kwa maoni yangu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi mahali pa kuchota: kuna "Dry", kuna mipangilio ya chaneli, kuna njia nzima ya sauti, na kuna njia nzima pamoja na masta. Soma tena sehemu ya hapo juu ukiwa umefungua dirisha hilo na kila neno litakaa mahali pake.

Katika Ableton Live njia ya miaka mingi ni kugandisha kisha kuchagua "Flatten". Amri hii ya pili huondoa ala na noti zote za MIDI kwenye traki, kwa hiyo irudufu traki kwanza na ufanye kazi kwenye nakala. Njia nyingine safi: gandisha, kisha kokota klipu iliyogandishwa uiweke kwenye traki tupu ya sauti. Sauti inahamia huko, na ya asili unaiyeyusha ikiwa salama.

Studio One ina "Transform to Audio Track". Weka tiki kwenye "Preserve Instrument Track State" na utaweza kuirudisha traki kuwa ya MIDI baadaye, jambo ambalo programu nyingine zingefaa kuliiga. Katika Pro Tools amri ni "Commit", na inakuuliza ufanye nini na traki ya asili; kuificha na kuilaza ndilo jibu zuri. Reaper, ndani ya menyu ileile ya kugandisha, ina amri za kurenda kwenye traki mpya na kuinyamazisha ya zamani. FL Studio ina "Consolidate" kwenye orodha ya klipu na traki.

Mkia

Sauti haiishi noti inapoishia. Nyuzi za piano huendelea kulia, riverbu hufifia polepole, dilei hurudi mara tatu nne. Ukirenda hadi mpaka wa klipu tu, hayo yote yanakatwa, na sikio linasikia pengo hata kama mwenye sikio hajui lilipotokea.

Kama programu ina chaguo la mkia, litumie. Kama haina, refusha eneo unalorenda kwa ba mbili zaidi, au zaidi kama wimbo ni wa taratibu na riverbu ni ndefu.

Kitanzi kina shida yake. Ukirenda ba nne za kujirudia, mwanzo wake hauna mkia wa mwisho wake, na kila kikizunguka unasikia mshono. FL Studio hutatua kwa "Wrap remainder", inayouchukua mkia na kuuweka mwanzoni. Ableton Live ina "Render as Loop". Kwenye programu nyingine, nakili kitanzi kiwe mara mbili mfululizo, renda zote, kisha kata na utumie mzunguko wa pili tu. Mzunguko huo tayari umebeba mkia wa ule wa kwanza.

Kutoa traki zote kwa mtu mwingine

Hapa utaratibu ni muhimu kuliko ujanja, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

1. Nyamazisha au futa traki usizotumia. Traki ya majaribio iliyosahaulika ikifika kwa anayemiksi, atadhani ni sehemu ya wimbo.

2. Zima efekti za masta. Amua kuhusu riverbu na dilei za sendi: ama uzitoe kama traki zao zenyewe, ama uziache nje kabisa.

3. Weka mwanzo wa eneo la kurenda kwenye ba ya kwanza na mwisho baada ya mkia mrefu kuliko yote. Kila faili lianze hapo, hata kama ala inaingia dakika ya pili. Anayepokea akiyapanga yote kwenye sifuri, wimbo unajipanga wenyewe.

4. Fungua dirisha la kutoa sauti na uchague traki mojamoja badala ya miksi. Katika Reaper ni "Stems (selected tracks)" kwenye dirisha la Render. Katika Ableton Live, chagua "All Individual Tracks" na uhakikishe "Include Return and Main Effects" (matoleo ya zamani huandika "Master") haijawashwa. Katika FL Studio ni "Split mixer tracks", na hapo kila ala lazima iwe imeelekezwa kwenye chaneli yake ya miksa. Zile zilizoachwa masta hazitatenganishwa.

5. Yape mafaili majina ambayo mtu asiyekujua ataelewa: namba, ala, tempo. "04_Piano_92bpm" inatosha. "Audio 17 mpya mwisho" haimsaidii mtu.

6. Ongeza faili la MIDI la wimbo mzima na miksi yako ya mfano. Faili la MIDI hubeba tempo na mabadiliko yake, na miksi ya mfano inamwonyesha ulikuwa unakusudia nini.

Angalia pia kompresa ya besi inayoendeshwa na kiki, yaani inayoishusha besi kila kiki inapolia. Katika baadhi ya programu, besi ikirendwa peke yake, kiki hainyamazi na kompresa inaendelea kupumua. Nyingine hunyamazisha kiki na besi inatoka bila kupumua huko. Sikiliza faili la besi peke yake kabla ya kulituma. Kama unatoa mbichi, zima kompresa hiyo na uandike kwenye maelezo kwamba ilikuwepo.

Ngoma zinahitaji uangalifu wao

Mara nyingi ngoma zote ziko kwenye plagini moja na traki moja, lakini anayemiksi anataka kila kipande peke yake. Njia bora ni kuwasha matokeo mengi ya plagini, yaani njia kadhaa za kutolea sauti, kila kipande kikapewa chaneli yake, kisha ukarenda zote kwa pamoja.

Kama plagini yako haina matokeo mengi, tenganisha noti. Katika mpangilio wa General MIDI wa mwaka 1991, ambao plagini nyingi huufuata, kiki ni noti 36, snea ni 38, hai-hati iliyofungwa ni 42 na iliyofunguka ni 46. Nakili traki mara kadhaa, bakisha noti za kipande kimoja katika kila nakala, renda. Usitenganishe 42 na 46, hata hivyo. Hai-hati iliyofungwa ndiyo inayoikatisha iliyofunguka, na ukizirenda mbalimbali ile iliyofunguka italia hadi mwisho bila kukatishwa. Mdundo wako wote utabadilika tabia.

Ala inapobadilika kila mara

Ukirenda traki ileile mara mbili na mafaili yakatofautiana, usishtuke. Plagini nyingi za ngoma na nyuzi huzungusha sampuli kadhaa kwa noti moja ili isisikike kama mashine. Sinthi nazo zina mawimbi yanayozunguka bila kusubiri noti, hivyo kila mara noti inaanza wimbi likiwa mahali tofauti.

Mimi naliona hilo kama zawadi. Renda mara tatu, sikiliza zote, chagua ile ambayo besi inauma vizuri na kiki. Kwenye MIDI chaguo hilo lingepotea kila ukibonyeza kucheza; kwenye sauti linabaki.

Kurekodi ala ya nje

Kinanda au sinthi iliyo nje ya kompyuta haiwezi kurendwa kwa kasi. Lazima irekodiwe kwa wakati wake halisi.

Elekeza traki ya MIDI kwenye mlango na chaneli ya kinanda. Leta waya wa sauti kutoka kinandani hadi kwenye intafesi ya sauti (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta), mbili kama ni stirio. Fungua traki ya sauti, chagua ingizo hilo, weka kiwango ukicheza sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha rekodi tangu mwanzo hadi mkia uishe. Kama kinanda kina apejieta au dilei inayofuata tempo, washa saa ya MIDI, ambayo hutuma mapigo 24 kwa kila robo noti. Bila hiyo kitakwenda kwa mwendo wake.

Sauti itarudi ikiwa imechelewa kidogo. Bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta huchakata kwa mkupuo) ya sampuli 256 kwa 44,100 ni karibu milisekunde 5.8 kwa kwenda tu, na kurudi kunaongeza. Programu nyingi hufidia sehemu ya intafesi, ila muda ambao kinanda chenyewe kinatumia kuitikia MIDI haziujui. Vuta karibu kwenye skrini, linganisha noti ya kwanza yenye mwanzo mkali na gridi, sogeza traki nzima kwa kiasi hicho. Usisogeze noti mojamoja, utaua uchezaji.

Ukiwa na faili la MIDI tupu

Pengine huna projekti, una faili la .mid tu. Unaweza kuliingiza kwenye programu yoyote ya kurekodia, ukaipa kila traki ala yake na kuendelea kama hapo juu. MuseScore, ambayo ni ya bure, hulifungua kama karatasi ya noti na kutoa WAV. Kwa anayependa mstari wa amri, FluidSynth hufanya kazi hiyo kwa kutumia faili la sauti la SoundFont:

`fluidsynth -ni -F wimbo.wav -r 44100 ala.sf2 wimbo.mid`

Ubora unaoupata ni ubora wa SoundFont uliyoichagua. Badilisha hiyo kabla ya kulaumu noti.

Kuhakikisha

Fungua projekti tupu, ingiza mafaili yote, yapange kwenye sifuri, sikiliza mwanzo hadi mwisho. Jaribio hili rahisi hufichua karibu kila kasoro.

Ukitaka uhakika zaidi, weka sauti mpya kando ya traki ya MIDI ya asili, viwango na efekti vikiwa sawa, kisha pindua wimbi la mojawapo, juu liwe chini. Kama zinafanana kabisa zitafutana na utasikia kimya. Ikibaki milio midogo kwenye ala inayozungusha sampuli, hiyo ni kawaida. Ikibaki sauti nzima, kuna kitu kimehama au efekti imejirudia.

Ukiridhika, nyamazisha traki za MIDI, ziondoe machoni, na uzizime ala zake ili kumbukumbu iachiwe. Noti zenyewe usizifute.

Mambo yakienda kombo

Faili likitoka kimya, mara nyingi traki ilikuwa imenyamazishwa, au nyingine ilikuwa kwenye solo (kusikika peke yake), au ala ni ya nje na umejaribu kuirenda kwa kasi. Zikipotea noti chache tu katika ala yenye sampuli nzito, renda kwa wakati halisi, kwa sababu diski ilichelewa kusoma sampuli zote. Pia angalia kama ala imefikia kikomo cha noti zinazoweza kulia kwa pamoja.

Mlio mdogo wa "tik" mwanzoni au mwishoni mwa klipu hutokana na wimbi kukatwa likiwa juu. Mfifio wa milisekunde 5 unautibu. Sauti ikiwa nene kuliko ilivyokuwa, traki ya MIDI na ya sauti zinacheza pamoja; nyamazisha moja. Ikiwa imechelewa, plagini fulani yenye kuangalia mbele, kama limita au ekwalaiza ya fezi nyoofu, ina ucheleweshaji ambao haukufidiwa. Izime na urende tena. Na ikiwa sauti imepanda au kushuka kidogo huku wimbo ukibadili mwendo, faili la 44,100 limechezwa kana kwamba ni la 48,000 au kinyume chake. Rekebisha kasi ya projekti, usivute klipu kwa mkono.